Darasa Linapoagana



Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake. Ama baad.

Mtihani wa KCSE wa mwaka huu wa 2025 umekwisha, na nyumba nyingi za mwambao, kuanzia Lamu hadi Vanga, zimepokea tena masanduku ya bati yaliyotoka humo yakiwa mapya, na sasa yamerudi yamebonyea, kufuli zimepotea, na majina yaliyoandikwa kwa rangi yamefutika nusu. Mazungumzo ya kina mama katika siku hizi huwa ni yale yale: mtihani ulikuwaje, na mtoto atapata nini. Leo nataka majibu ya mtihani tumwachie Mwenye kuyajua, tuzungumze juu ya jambo ambalo watoto wenyewe wanalizungumza usiku kucha, nasi wazazi hatulipi uzito wake. Jambo hilo ni kuagana kwao, na namna wanavyoitazama miaka waliyokaa pamoja.

Darasa hili lina historia yake. Walikuwa darasa la saba pale skuli zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, wakakaa nyumbani mpaka Januari 2021. Mtihani wao wa darasa la nane waliufanya Machi 2022, na Kidato cha Kwanza wakakiingia mwezi wa Mei mwaka huo huo, siku chache tu baada ya Idd-el-Fitri, wengine wakiwa na hina mikononi. Mwaka ule wa masomo ulibanwa ukamalizika Novemba, kwa hivyo hii tunayoiita miaka minne, kwa hesabu ya kalenda, ni mitatu na nusu. Ramadhani tatu, za 1444, 1445 na 1446, zote ziliangukia muhula wa kwanza, wakafunga wakiwa skuli. Mwaka 2024 muhula wa pili ulicheleweshwa wiki mbili kwa sababu ya mafuriko. Na mwaka huu wa 2025, kwa mara ya kwanza, skuli za sekondari hazikuwa na Kidato cha Kwanza, kwa kuwa mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa 2023. Wakawa wakubwa wa nyumba ambayo kitindamimba wake amekwisha kuzaliwa.

Watoto waliopitia hayo kwa pamoja hawaagani kama abiria wanaoshuka katika matatu. Wanayo ya kuambiana, na sisi tunayo ya kuwafunza.

Neno tunalolitumia, kuhitimu, lilitumika chuoni kabla ya kutumika skuli. Asili yake ni khitma, yaani kuukamilisha msahafu. Wazee wetu wanakumbuka kwamba mtoto aliyefika mwisho wa juzuu thelathini hakuukunja msahafu wake akaenda zake. Nyumbani kwao walipika, wenziwe wa chuoni wakala pamoja naye, mwalimu akakirimiwa kwa kadiri ya uwezo wa wazazi, na mtoto akainama akambusu mwalimu mkono na kumtaka radhi. Kisha ikasomwa dua. Ndani ya shughuli ile ndogo mlikuwa na adabu nzima ya kumaliza jambo: umshukuru aliyekufunza, uwaridhishe uliokaa nao, umwombe Mungu akubariki katika unayoyaendea.

Leo katika baadhi ya skuli kuagana kumekuwa ni kuchorana mashati kwa kalamu za wino mzito, kuchana madaftari na kuyatupa njiani, na kupiga kelele mpaka wagonjwa majumbani wakashtuka. Sisemi kwamba furaha ni haramu. Kijana aliyemaliza kazi ngumu ana haki ya kufurahi. Lakini sare hiyo inayochorwa ingemvika mtoto wa jirani anayeingia Kidato cha Nne mwakani na ambaye mamake hajui ataitoa wapi. Na vitabu vya skuli za serikali, tangu ulipoanza mpango wa mwaka 2018 wa serikali kuvipeleka skulini, ni amana iliyowekwa mikononi mwa mwanafunzi ili imfikie anayekuja nyuma yake. Mama, kabla ya kuuliza mtihani ulikuwaje, muulize mwanao: je, vya watu umevirudisha?

Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametuamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima, maskini na majirani, kisha akamtaja mtu ambaye wengi wetu humsoma tukampita: sahibu wa ubavuni. Wanavyuoni wa tafsiri wamemfasiri kwa namna mbalimbali. Wako waliosema ni mwenzako wa safari, wako waliosema ni mke au mume, na wako waliomhesabu pia yule anayekaa nawe ubavuni katika kutafuta elimu. Ukiichukua kauli hii ya mwisho, utaona kwamba yule binti aliyekaa dawati moja na mwanao kwa miaka mitatu na nusu amekuwa na haki juu yake, haki iliyotajwa katika aya moja na haki ya mzazi na ya jirani. Haki hiyo haimaliziki kwa kengele ya mwisho.

Nimewasikiliza mabinti wa madrasa wanapokumbushana. Hawataji somo. Wanataja foleni ya uji wa alfajiri, na yule mwenzao aliyekuwa akisinzia amesimama. Wanataja pini za mtandio zilizokuwa zikipotea kila siku bila ya kujulikana mwizi. Wanataja siku ya kutembelewa, mama mmoja alipoleta mahamri na mbaazi za kutosha watu wanane, wakala ishirini, na waliokuwa hawana wa kuwatembelea wakaitwa wa kwanza. Wanataja daku ya maharagwe yaliyolala, na tende za kuhesabu, tatu tatu, zilizofichwa chini ya nguo ili mwezi usiishe kabla yake. Wanataja usiku ambao mmoja wao aliletewa habari kwamba babake amefariki, bweni zima likakaa macho, asiyejua la kusema akawa anamkunjia nguo zake kumtayarishia safari ya asubuhi.

Ukiwasikiliza sana, utasikia pia yaliyo chini ya kicheko. Jina la utani ambalo wote walilicheka isipokuwa mwenye kuitwa. Kundi lililomtenga mmoja muhula mzima kwa maneno yaliyotokea kuwa si ya kweli. Msichana aliyekuwa akirudishwa nyumbani kwa karo kila baada ya wiki tatu, akirudi anakuta wenzake wamefika mbali, naye anaona haya kuomba kuazima daftari. Hayo pia ni sehemu ya miaka yao, na kuyatazama nyuma kwa ukweli ni kuyatazama yote.

Kila Ijumaa tunaisoma Suratul Kahf, na ndani yake mna kisa cha Nabii Musa (a.s.) na yule mja mwema ambaye wengi humtaja kwa jina la Khidhr. Musa alifuatana naye ili ajifunze. Akaona jahazi la maskini likitobolewa, akaona jambo zito juu ya kijana mmoja, akaona ukuta unaotaka kuanguka ukisimamishwa bila ya ujira katika mji uliowanyima chakula. Kila mara alihoji, hakustahimili. Maana ya yote hayo hakuambiwa njiani. Aliambiwa walipokuwa wanatengana: kwamba jahazi lilitiwa ila ili liokoke na mfalme mnyang'anyi, na kwamba chini ya ukuta ulikuwamo mali ya mayatima wawili.

Wanetu wajifunze adabu hii ya kutengana. Saa ya kuagana ni saa ya kuelezana. Mwalimu aliyemkatalia ruhusa, pengine sasa atamwambia alichokihofia. Rafiki aliyenyamaza ghafla katika Kidato cha Pili, pengine sasa atasema kwamba nyumbani kwao kulikuwa na talaka, naye hakujua amwambie nani. Na yapo mengine ambayo maelezo yake hayatapatikana leo; hayo mtu huyaachia Mola wake, akajua kwamba hata Musa alisubirishwa.

Baada ya maelezo huja radhi. Desturi yetu ya mwambao ni nzuri katika jambo hili. Anayekwenda Hija huzunguka nyumba baada ya nyumba, akawataka radhi majirani na maadui, kwa kuwa hajui kama atarudi. Wanaomaliza skuli hawaendi Hija, lakini wengi wao hawataonana tena duniani. Mmoja atakwenda Eldoret kusoma, mwengine ataolewa Tana River, wa tatu atafuata kazi Doha au Jeddah. Kwa hivyo wahesabiane madeni wakiwa bado wanajuana nambari za simu. Shilingi hamsini za sabuni ni deni. Kikokotozi kilichoazimwa kikavunjika ni deni. Mtu asiseme kwamba ni kitu kidogo, maana udogo wa deni hauiondoi haki ya mwenyewe. Anayeweza kuusamehe udogo huo ni mwenye mali peke yake.

Deni zito zaidi ni la ulimi. Mabinti huniuliza: niliyemsengenya nimwendee nikamwambie nilivyomsema? Wanavyuoni wana kauli mbili. Wako wanaosema kwamba haki ya mtu haiondoki ila kwa kumtaka radhi mwenyewe. Na wako wanaosema kwamba ikiwa hakujua, na kumwambia kutamvunja moyo au kuzua ugomvi mpya, basi umwombee maghufira, na umtaje kwa wema katika vikao vile vile ulivyomtaja kwa ubaya. Mimi huwaambia wapime. Kama yalimfikia, mwendee. Kama hayakumfikia, usimpelekee jeraha kwa jina la toba. Mwombee, na mrejeshee heshima yake mbele ya wale uliomvunjia mbele yao. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kusema nisamehe, na ndiyo maana wengi huikimbia.

Nije kwenye jambo ambalo nawaomba kina mama walisome mara mbili. Wengi wa mabinti hawa sasa wamepewa simu, na jambo la kwanza wanalolifanya ni kufungua kundi la darasa la kutumiana picha. Humo zitaingia picha za bwenini: mwenzao amelala, mwenzao kichwa wazi, mwenzao amejifunga leso anatoka kuoga. Waliozipiga hawakukusudia ubaya, yalikuwa maskhara ya mabanati baina yao. Lakini picha ikishatoka katika simu moja haina mwenyewe tena. Itaonwa na kaka, na rafiki wa kaka, na siku binti wa watu atakapoposwa itatokea mbele ya watu asiowajua. Yaliyoonekana bwenini ni siri ya bweni, na siri ni amana kama ilivyo amana ya mali. Hata sheria ya nchi, ile ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018, imeweka adhabu kwa mwenye kusambaza picha za faragha za mtu. Lakini Muislamu hangojei sheria. Mama, kaa na mwanao, mfungue simu pamoja, na kila picha ambayo mwenyewe hangependa ionekane na babake ifutwe mbele ya macho yako. Anayemsitiri mwenziwe duniani anamwekeza Mungu sitara yake mwenyewe.

Sasa lile ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu wiki hii.

Hesabu ya majina ya Kidato cha Kwanza na hesabu ya waliokaa kufanya mtihani wa mwisho aghalabu hazilingani. Wengine walihama. Wengine walishindwa na karo. Baadhi ya wavulana waliishia kwenye bodaboda na ufukweni. Na baadhi ya mabinti waliolewa kabla ya wakati, au walishika mimba. Darasa linapotazama nyuma, hao nao huwatazama? Au huwa ni kama hawakuwapo?

Baada ya darsa ya kina mama, mama mmoja alinijia na swali. Binti yake na wenziwe walikuwa wamekubaliana wamalize miaka yao kwa kisomo na chakula katika nyumba ya mmoja wao, kama walivyokuwa wakifanya wazee, nalo ni jambo jema. Wakakhitilafiana juu ya jina moja. Mwenzao huyo alitoka skuli akiwa Kidato cha Tatu, mwaka 2024, kwa sababu ya mimba, na sasa ana mtoto. Ndiye aliyekuwa akiwaamsha daku, kitanda baada ya kitanda, Ramadhani mbili mfululizo, wala hakuna aliyemwagiza. Mabinti walitaka aitwe. Mama watatu walikataa.

“Maalim,” akaniambia yule mama, “mimi sina kinyongo na yule mtoto. Lakini tukimwita akakaa na wanetu, hatutakuwa tumewaambia kwamba lile lililotokea ni jambo dogo?”

Swali lake ni la mama mwenye hofu ya Mungu, nami sikulidharau. Nikamwambia kwamba zina ni katika madhambi makubwa, na hapana mwanachuoni anayeweza kulifanya jepesi. Lakini kuna mambo matatu tuyaweke mahali pake.

La kwanza, je, tunajua mimba ile ilipatikana vipi? Msichana wa miaka kumi na sita ni mtoto mbele ya sheria, na sheria ya makosa ya kijinsia ya mwaka 2006 inamtia hatiani aliyemwendea, hata akidai kwamba walipendana. Katika mitaa yetu msichana hutajwa kwa jina, na mwanamume hakuna anayemtaja. Yeye hajafungiwa mlango wa harusi wala wa karamu, na pengine husimama safu ya mbele msikitini. Kama kweli tunaogopa watoto wasidhani jambo hili ni dogo, tuanze kwa kumuuliza yeye.

La pili, wakati wa Mtume (s.a.w.) aliletwa mtu aliyekunywa pombe, akapewa adhabu yake. Ilipokwisha, mmoja wa waliokuwapo akamtolea maneno ya kumfedhehi. Mtume akawakataza wasimsaidie Shetani juu ya ndugu yao. Nikamuuliza mama yule: binti aliyeona milango yote ya wenziwe imefungwa, mlango gani utabaki kumpokea? Milango iliyobaki wazi kwa msichana aliyetengwa sote tunaijua, na hakuna mmoja unaompeleka kwenye toba.

La tatu, kuna mtoto mchanga. Yeye hana kosa, na hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Mtoto huyo atakula na kusoma kwa kadiri ya elimu ya mamake. Tukimkata mama, tumemkata na yeye.

Yule mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi aitwe. Mimi nitawazungumza wenzangu.”

Aliitwa, naye hakuja. Aliona haya. Siku ya pili yake mabinti wanne walimchukulia sahani yake ya pilau, wakampelekea na madaftari yao ya biolojia, kemia, hesabati na Kiswahili, waliyoyafunga kwa kamba yakiwa mazima, hayakuchanwa. Walikaa naye mpaka magharibi, wakipokezana kumbeba mtoto. Nimeambiwa kwamba alichowauliza mwisho ni jambo moja tu: kama bado inawezekana.

Inawezekana, na ndiyo sababu ya haraka yangu. Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kitaifa mwaka 2020 juu ya kurudi skuli kwa wanafunzi waliokatiza masomo, na ndani yake msichana aliyejifungua ana haki ya kupokewa tena, katika skuli yake ya zamani au nyingine. Mzazi au mlezi aende kwa mwalimu mkuu, na akikataliwa aende afisi ya elimu ya kaunti ndogo. Lakini tazameni kalenda. Mfumo huu wa 8-4-4 ulioanza 1985 unafungwa darasa baada ya darasa. Januari ijayo ya 2026 skuli zitakuwa na Kidato cha Tatu na cha Nne tu katika mfumo wa zamani, pamoja na gredi ya kumi ya mtaala mpya. Kidato cha Tatu kitakachofunguliwa Januari hiyo ndicho cha mwisho, na wanaoingia humo ndio kundi la mwisho litakalofanya mtihani mwaka 2027. Msichana aliyetoka Kidato cha Tatu mwaka jana anaweza kukiingia tena mwezi ujao. Asipoingia, mwaka wa baadaye hatakikuta.

Kwa hivyo, enyi kina mama, na enyi kina baba mnaosomewa makala haya, swali la nani alikosa katika picha ya darasa ni swali la wiki hizi chache. Waulizeni wanenu majina. Wao wanayajua, na wanajua nyumba. Bibi au khalati anayeweza kumshika mtoto mchanga mchana ajitolee. Mwenye zaka na ajue kwamba mwanafunzi fakiri ni katika fakiri, na karo ya binti yatima au ya kijana aliyeshuka kwenye pikipiki akataka kurudi darasani haitoki nje ya njia ya kheri. Na waliomaliza, ambao sasa watakaa nyumbani hadi majibu yatoke, wana miezi ya bure: saa mbili kwa siku za kumsomesha aliyebaki nyuma zitakuwa ndiyo shukrani ya elimu waliyoipata.

Nimalizie kwa hilo la majibu. Yatakapotoka, darasa lililokuwa moja litagawanywa kwa herufi, kutoka A mpaka E. Aliyepata C+ na zaidi ataangalia shahada ya chuo kikuu, na aliyepata chini yake ataangalia stashahada na vyuo vya ufundi, navyo vimewatoa mafundi na wauguzi tunaowategemea kila siku. Nimeona urafiki wa miaka ukifa kwa siku moja, aliyefaulu akiona haya kumpigia aliyeanguka, na aliyeanguka akizima simu. Wakubaliane tangu sasa kwamba siku hiyo atakayepata zaidi ndiye atakayepiga simu kwanza. Na sisi wazazi tusitumie jina la mtoto wa mwenzetu kumpigia mtoto wetu. Mwana akijua kwamba akirudi na C au na D atapata mlango wazi na chakula kilichofunikwa, hatafikiri kwamba hana pa kurudi.

Wasisahau pia waliokuwa nyuma ya mlango: mpishi aliyeamka saa tisa za usiku kuwachemshia maji ya daku, mlinzi wa langoni, mwalimu aliyefundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu mpaka baada ya alasiri bila ya malipo ya ziada. Tumefunzwa kwamba shukrani kwa Mungu haitimii kwa asiyewashukuru watu. Ujumbe mfupi wa simu unatosha, na utahifadhiwa kuliko mnavyodhani.

Ewe Mola wetu, wabariki vijana hawa katika elimu waliyoipata na uwafunze wasiyoyajua. Wakutanishe katika kheri baada ya kuwatenganisha, uwasamehe waliyokoseana, na uwasitiri kwa sitara yako njema. Waliokatiziwa njia uwarudishe, na uwajaalie watu wa kuwashika mkono. Walipe walimu wao na wazazi wao malipo mema, walio hai na waliotangulia mbele ya haki. Na utujaalie sisi sote mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.